Kabla Hujachukia: Ushauri kwa Wageni wa Birmingham

Mtu akitoka Tanga, Mombasa au Bukavu akahamia Birmingham, lalamiko lake la kwanza haliwi baridi. Baridi aliambiwa, akaja na koti. Analolalamikia ni kwamba watu hawasalimiani. Amepishana na jirani mlangoni, jirani kaitikia kwa kichwa na kupita zake. Ameingia kazini asubuhi, wenzake wako kwenye kompyuta, hakuna aliyeuliza ameamkaje. Jioni anampigia dada yake simu: huku watu hawana adabu kabisa. Na saa hiyo hiyo, nyumba ya tatu, kuna Mwingereza anamweleza mkewe kwamba yule mfanyakazi mpya ni mchapakazi, ila ni mkali, anaamrisha watu, hasemi tafadhali wala asante.

Kila mmoja anasema kweli kwa kipimo cha kwao, na kila mmoja amemdhulumu mwenzake. Kila watu wana mahali wanapoiweka adabu, na mgeni huitafuta pale alipozoea kuiona. Sisi tunaiweka mwanzoni, kwenye salamu. Ukishamsalimia mtu sawasawa, ukamuulizia watoto na hali ya nyumbani, umeshamheshimu, na ombi linalofuata linaweza kuwa fupi. Mwingereza anaiweka kwenye ombi lenyewe, kwenye asante, kwenye foleni, na kwenye kukuachia nafasi yako bila kukubughudhi. Usipolijua hilo utaishi miaka katika mji huu ukihesabu matusi ambayo hakuna aliyeyatukana.

Profesa Saida Yahya-Othman, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichapisha mwaka 1995 utafiti juu ya utovu wa adabu katika salamu za Waswahili. Ni mada inayotuhusu sote, kwa sababu hakuna aliyelelewa katika Kiswahili ambaye hajawahi kusimamishwa na shangazi au mwalimu na kuulizwa kwa nini amepita bila kusalimia. Kwetu kupita kimya ni kosa kamili, kama vile kusema neno baya. Miaka michache kabla yake, wataalamu wawili, Penelope Brown na Stephen Levinson, walieleza katika kitabu chao cha 1987 kwamba kila binadamu ana haja mbili zinazovutana: anataka apendwe na ahesabiwe kuwa mmoja wa watu, na pia anataka aachwe na mambo yake. Nadharia yao imepingwa hapa na pale, lakini kwa mtu anayehama kutoka Pwani kwenda Uingereza inafaa sana. Jirani yako anapokuacha upite bila maswali, anadhani amekupa heshima. Wewe umeona amekunyima.

Wala usidhani Waingereza hawaumizwi na kukosa salamu. Mwaka 2013 daktari mmoja kijana wa huku, Kate Granger, aliyekuwa anaugua saratani, alilazwa hospitali akagundua kwamba wengi waliomhudumia hawakumtajia hata majina yao. Wanamgusa, wanampima, wanamweleza habari za mwili wake, na hajui ni nani. Akaanzisha kampeni ya kuwataka wahudumu wote waanze kwa kujitambulisha, na hospitali za umma nchini kote zikaipokea. Alifariki Julai 2016. Hadi leo utaona wauguzi wamevaa beji kubwa ya manjano au ya rangi nyingine yenye jina la kwanza na maneno ya salamu. Jambo alilolipigania yule daktari ni jambo tulilolelewa nalo. Kama unafanya kazi hospitalini au kwenye nyumba ya wazee, ingia chumbani, taja jina lako, muulize mgonjwa amelalaje, ndipo ushike kazi. Kwa hilo umewazidi wengi waliozaliwa hapa.

Salamu ya mtaani ni nyingine. Mtu wa Birmingham akikuuliza kama uko sawa, hajakuomba habari za afya yako. Mjibu uko sawa, muulize na yeye, tabasamu, mmemaliza. Ukisimama kumweleza mgongo unavyouma utamwona anarudi nyuma hatua moja moja. Tena utaitwa “bab”. Ni neno la mapenzi la watu wa mji huu. Anaitwa hivyo mtoto, kijana na mama wa miaka sitini, na muuza mboga wa soko la Bull Ring anaweza kumwita hivyo mteja asiyemjua. Najua mama wa Kiislamu kutoka Unguja anaweza kushtuka mwanamume asiyemjua anapomwita kwa neno la namna hiyo. Aliyelisema hakuwa na nia yoyote. Amekupa neno lake zuri kuliko yote.

Sasa basi. Mabasi mengi ya Birmingham yana mlango mmoja tu, wa mbele, kwa hiyo kila anayeshuka anapita kando ya dereva. Simama karibu na mlango siku moja usikilize. Mzee mwenye mkongojo anashukuru, mtoto wa shule mwenye vifaa vya muziki masikioni anashukuru bila kuinua macho, msichana wa Kisomali aliyebeba mifuko anashukuru. Dereva huenda asijibu. Hakuna anayesubiri jibu. Hiyo ndiyo salamu ya mji huu, ila imewekwa mwishoni, wakati wa kuagana, na anayeshuka kimya ndiye anayeonekana hakulelewa. Anza hapo. Ni mazoezi yasiyo na gharama, na baada ya wiki chache utashangaa dereva wa asubuhi amekuzoea.

Kwenye maombi ndiko tunakoumizana zaidi. Kiswahili hubeba upole ndani ya kitenzi na ndani ya sauti. “Naomba uniletee maji,” ikija baada ya salamu, haidai kitu zaidi. Mtu akiihamishia kwenye Kiingereza akabaki na kitenzi peke yake, Mwingereza anasikia askari wa doria. Dawa yake ni ndogo: geuza kila ombi liwe swali, hata kwa mtu uliye na haki ya kumtuma, kisha uweke tafadhali, na ukipokea ushukuru, hata kwa kitu ulichokilipia. Utajiona unazidisha. Zidisha. Mtaalamu wa desturi za Waingereza, Kate Fox, alieleza katika kitabu chake cha 2004 jinsi alivyowagonga watu makusudi njiani, na wengi waliogongwa wakamwomba radhi yeye. Huo ndio wingi wa maneno laini wanaoishi nao, na ukitumia kiasi chetu cha kawaida wanaona umewabania.

Upande mwingine, ombi la bosi linaweza kuja limevaa nguo za pendekezo. Meneja akikwambia labda ungependa kuitazama tena ile fomu ukipata nafasi, maana yake fomu ina makosa, irekebishe leo. Mtu wa Lamu au Zanzibar aliyekulia kwenye mafumbo atalinasa hilo haraka kuliko mtu wa bara. Nimewaona watu hodari wakiandikiwa barua za onyo kwa sababu waliambiwa mara tatu kwa upole na hawakujua kwamba wameambiwa.

Na chai. Kwenye ofisi na karakana nyingi, anayeinuka kwenda kujitengenezea chai huwauliza wenzake wote kama wanahitaji. Ukijitengenezea kikombe chako peke yako kila siku, hakuna atakayekwambia kitu, lakini wote watakuwa wamekiona. Zamu yako ikifika, shika birika.

Wengi wetu tuko kwenye kea, yaani kazi ya kuwahudumia wazee na wagonjwa. Kenya ilisaini makubaliano na Uingereza Julai 2021 kuhusu wauguzi na wahudumu wa afya. Februari 2022 Uingereza ikafungua viza kwa wahudumu wa wazee, ikaja kuifunga kwa waombaji wapya walioko nje Julai 2025. Waliopita katika mlango huo wako nasi, kwenye nyumba za wazee za kila kona ya mji, na ndio ninaowawazia ninapoandika sehemu hii.

Kwanza, jina. Ulimi wetu unakataa kumwita mtu wa miaka 85 kwa jina lake tupu, kwa hiyo tunawaita mama, nyanya, bibi. Mwanamke aliyekuwa mwalimu mkuu, aliyeishi maisha yake yote akijulikana kwa jina lake na cheo chake, akiitwa nyanya na mtu asiye mjukuu wake huona amenyang’anywa kitu cha mwisho alichobaki nacho. Mwingine atafurahi. Muulize siku ya kwanza anapenda aitweje, ulitazame jina hilo kwenye mpango wake wa huduma, na ulitumie hata kama ni jina la kwanza na koo linakukaba. Heshima yako iweke kwenye sauti na kwenye mikono.

Pili, umri na mwili. Kwetu kumwambia mtu kwamba sasa ni mzee, apumzike, ni kumpa cheo. Kumwambia amenenepa ni kumpongeza kwamba maisha yamemkubali. Hapa yote mawili ni matusi, na la pili linaweza kukufikisha ofisini. Usiseme mtu ni mzito hata unapomwinua na mgongo unalia. Sema kifaa cha kuinulia kinahitajika. Vivyo hivyo maswali yetu ya ukarimu, umeolewa, una watoto wangapi, mbona mmoja tu, unalipwa kiasi gani, unasali wapi. Kwetu asiyeuliza hakujali. Hapa anayeuliza anachungulia. Acha mwenyewe afungue mlango, naye ataufungua, kwa kawaida kupitia hali ya hewa, mbwa wake au mpira. Mji huu una Aston Villa na Birmingham City; ukijua moja ilicheza lini umepata mazungumzo ya wiki nzima.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi kwa sababu tunalifanya bila kufikiri. Wahudumu wawili wamesimama pande mbili za kitanda, shuka mikononi, wanamgeuza mama wa watu. Mmoja ametoka Arusha, mwingine Eldoret. Wanazungumza Kiswahili juu ya mwili wake, wanacheka kitu kilichotokea kwenye harusi ya Jumamosi. Mama anatazama uso wa huyu, anatazama uso wa yule. Hajui kama wanamcheka yeye, na yuko uchi. Kiswahili kina mahali pengi pa kuzungumzwa Birmingham. Juu ya kitanda kile, zungumzeni naye, au mweleze mnachocheka. Tungekuwa sisi tumelala pale na Wapolandi wawili wanacheka, tungelia.

Tukitoka kazini, kuna mapokezi ya kwa GP, yaani daktari wa mtaa. Msichana wa dirishani anakuuliza, mbele ya foleni, shida yako ni nini. Mtu mzima wa Kiswahili, mwenye ugonjwa wa aibu, anaulizwa na binti wa umri wa mwanawe na watu wanasikia. Anaona amedhalilishwa, anasema si kitu, anarudi nyumbani na ugonjwa wake. Nawasihi msifanye hivyo. Yule binti amefundishwa kuuliza ili akupeleke kwa anayefaa: daktari, muuguzi, au duka la dawa. Una haki ya kumwambia kwamba ni jambo la faragha na ungependa kuzungumza pembeni. Sema hivyo hivyo tu, kwa sauti ya kawaida, na uongeze tafadhali.

Mengine ni ya mwili na ninayapitia haraka. Kutazama chini mbele ya mkubwa, ambako tulifundishwa ni heshima, hapa huonekana kama kuficha jambo. Kwenye usaili wa kazi tazama uso wa anayekuuliza, angalau wakati unamjibu. Mkono wa kushoto hawaujali, kwa hiyo akikupa chenji kwa kushoto hakukudharau. Kumwita mtu kwa kidole kimoja kilichokunjwa, ambako kwetu ni kumwita kama mnyama, kwao ni kawaida. Lakini vidole viwili vilivyoinuliwa, nyuma ya kiganja ikimwelekea mtu, ni tusi zito la Uingereza. Waliozoea alama ya chama cha CHADEMA, au wanaokumbuka ile ya chama cha FORD nchini Kenya mwaka 1992, waangalie kiganja kinatazama wapi, na ukiagiza chai mbili kwa ishara, onyesha kiganja. Na kusonya, ndugu zangu, kunaeleweka. Wajamaika wa Handsworth wana msonyo ule ule, walivuka nao bahari kutoka Afrika, na mji mzima umejifunza maana yake kutoka kwao. Usidhani umesonya kwa siri.

Hapo ndipo mji huu unapotofautiana na kijiji cha Kiingereza. Sensa ya 2021 iliikuta Birmingham na watu zaidi ya milioni 1.1, na zaidi ya nusu hawakujiandikisha kuwa weupe. Ukiishi Small Heath au Sparkhill majirani zako huenda ni Wapakistani, Wayemeni na Wasomali. Utavua viatu mlangoni, utaitikia salamu ndefu, na usipogusa chakula utamkera mwenyeji. Mwanamke akiweka mkono kifuani badala ya kukupa, fanya kama yeye. Wakati mwingine kosa letu ni kuchukua tuliyofundishwa kuhusu Waingereza tukamtendea nayo Mpunjabi wa Soho Road. Mtazame mtu aliye mbele yako.

Nataka nikae kwenye msiba, kwa sababu ndiko nilikoona ujirani wa miaka mingi ukivunjika.

Mtu akifiwa, nyumba ndogo ya ukuta kwa ukuta inajaa. Viatu vimelundikana hadi barazani. Sufuria ya pilau imetoka Coventry ndani ya gari. Wanawake wako ndani kwenye mikeka, wanaume wamesimama kwenye njia ya watembea kwa miguu hadi usiku wa manane, magari yamezuia geti la jirani. Jirani Mwingereza anavuta pazia. Siku ya tano anasukuma kadi kwenye tundu la barua, hagongi mlango, anarudi kwake. Mfiwa anaiona kadi na anaumia kuliko kama asingeiona kabisa: miaka yote hii ukuta mmoja, ameshindwa hata kuingia kusema pole?

Nimewahi kumuuliza jirani wa namna hiyo. Alikuwa ameiandika ile kadi mara kadhaa. Alisimama mlangoni mkono umeinuka wa kugonga, akaona atawasumbua watu wenye huzuni. Kwao mfiwa huachwa na familia yake, na mwenye heshima hukaa mbali hadi aitwe. Kwetu mfiwa akiachwa peke yake, jamii imemkana. Hakuna namna ya kulipatanisha hilo kwa kukisia; inabidi mtu aseme. Ukifiwa, mtume kijana aende kwa majirani wa pande zote mbili na wa ng’ambo ya barabara, awaambie nani amefariki, kwamba watu watakuja kwa siku tatu nne, kwamba wanakaribishwa kuingia hata kwa dakika tano, na kwamba gari likimzibia mtu apige simu namba hii. Andika kwenye karatasi, na namba iwe ya mtu atakayeipokea. Wengi watakuja. Watakaa ukingoni mwa kiti, hawatajua wafanye nini na mikono, lakini watakuja. Na kelele zipunguzwe saa tano usiku, kwa kuwa kuanzia saa hiyo hadi saa moja asubuhi sheria ya kelele ya 1996 inaipa halmashauri ya mji nguvu ya kuingilia. Karatasi hiyo hiyo inafaa kwa harusi na kwa kuagwa bibi harusi.

Akifiwa yeye, usiende na ujumbe wa watu kumi. Peleka kadi, ndani uandike kitu unachomkumbukia marehemu, hata kama ni jinsi alivyokuwa akipalilia maua. Chakula kipeleke baada ya kutuma ujumbe wa simu, kwenye chombo usichohitaji kurudishiwa. Mazishi yao yanaweza kuchukua wiki mbili, tatu au zaidi. Usimalize huzuni yako mapema ukasahau siku yenyewe. Uliza kama wanapenda watu wavae nyeusi, maana siku hizi baadhi huomba rangi. Baadaye huwa na chai mahali, pengine baa. Kama baa inakutatiza kwa dini yako, mpe mkono mfiwa nje ya kanisa au ya mahali pa kuchomea maiti na umweleze, hatakulaumu.

Nje ya msiba, jirani akikwambia lazima uje kwao siku moja, bado hajakualika. Amekwambia anakupenda. Ukitajiwa siku na saa, hapo umealikwa, na saa ni saa. Na akikupa chakula, usikatae mara ya kwanza kwa adabu ukitarajia akubembeleze. Atakuamini, ataondoa sahani.

Sisi kwa sisi hatuko salama pia. Kwenye mikusanyiko yetu ya Birmingham Mtanzania anamwona Mkenya mkali kwa sababu amesema “nipe chai” na hajamwamkia mzee shikamoo. Mkenya wa bara anamwona Mtanzania anazunguka, hasemi anachotaka, na huenda ana unafiki. Mkongomani wa Goma au Lubumbashi amelelewa katika Kiswahili kisicho na shikamoo, lakini akikusalimia kwa kugusanisha kichwa chake na chako kwa zamu, pande zote, ujue amekupokea kama ndugu. Wanaume wa Pwani hujitoa haraka kwenye salamu hiyo na mwenzao anaumia. Kaa. Haichukui muda.

Tena kuna wazee wa Kihindi waliozaliwa Kampala, Jinja, Nairobi au Mwanza. Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke mwaka 1972, na takriban 28,000 wakaja Uingereza. Baadhi walikuja kuishi katika mji huu na kufungua maduka. Mzee wa namna hiyo akisikia unazungumza Kiswahili dukani kwake, uso unang’aa. Anakusemesha, na Kiswahili kinachomtoka ni “wewe toka wapi, leta hapa, ngoja kidogo”. Ni Kiswahili cha jikoni na cha kaunta, alichokisikia utotoni kikielekezwa kwa mpishi na mpagazi, na hakuna aliyemfundisha kingine. Kijana aliyetoka Dar mwaka jana anasikia bwana anamtuma. Ana sababu ya kusikia hivyo, historia hiyo ni ya kweli na iliumiza watu. Lakini mzee yule anakupa lugha ya nyumbani kwao, nyumbani alikofukuzwa. Mjibu kwa Kiswahili kizuri, taratibu, muulize alisoma shule gani. Utasikia mengi.

Watoto wetu ndio wanaobeba pande zote mbili. Mwalimu anamwambia amtazame usoni na aulize kwa nini. Baba akitazamwa usoni na kuulizwa kwa nini anaona mwana ameharibika. Msiwapige wala msiwacheke kwa hilo. Waambieni wazi kwamba nyumbani kuna desturi hii na shuleni kuna ile, na sababu zake. Mtoto wa miaka saba analielewa hilo kuliko tunavyodhani. Tayari anajua viatu vinavuliwa wapi na havivuliwi wapi. Shikamoo waifanye na babu kwenye simu ya video, kila wiki, ili wawe na mtu wa kumwamkia. Ikibaki ya kuigiza mbele ya wageni tu, itakufa.

Yote niliyoyasema yanahusu watu wasiokuwa na nia mbaya. Wenye nia mbaya wapo, na sitaki mtu aitumie makala yangu kumwambia mwenzake aliyedharauliwa kwamba hajaelewa utamaduni.

Tarehe 20 Aprili 1968, katika Hoteli ya Midland hapa Birmingham, mbunge Enoch Powell alitoa hotuba dhidi ya wahamiaji na dhidi ya mswada wa sheria ya kuzuia ubaguzi. Wiki chache kabla, Bunge lilikuwa limepitisha kwa siku tatu sheria ya kuwazuia Waasia wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza wasiingie. Powell alikuwa msomi wa Kigiriki na Kilatini. Hakupayuka, hakutumia neno la mtaani kama lake, alimtaja mshairi wa Roma ya kale. Kiongozi wa chama chake, Edward Heath, alimfukuza kwenye baraza lake kivuli siku iliyofuata, lakini familia za wahamiaji ziliyabeba maneno yale kwa miaka. Kila kitu tunachokiita adabu ya Kiingereza kilikuwamo katika hotuba ile, ila heshima kwa watu iliowataja. Kwa hiyo ulaini wa maneno usiwe kipimo chako cha mwisho. Muuza samaki anayekukaripia usipapase samaki wake huenda anakupenda kuliko ofisa anayekuita bwana na kuliweka faili lako chini ya mengine.

Namna ya kutofautisha ninayoifuata ni kutazama wengine. Je, meneja huyu hasalimii mtu yeyote, au hasalimii sisi tu? Zamu za Krismasi na za usiku zinagawanywaje? Jina gumu la Kipolandi amejifunza kulitamka, langu amelifupisha bila kuniuliza? Jambo likitokea mara moja, uliza papo hapo, kwa utulivu: samahani, ulikuwa na maana gani? Asiye na nia mbaya ataona haya na kueleza. Mwenye nia mbaya atajua kwamba umemsikia.

Likirudiwa, andika. Tarehe, saa, maneno yenyewe kama yalivyosemwa, nani alikuwepo. Sheria ya Usawa ya 2010 inakulinda dhidi ya kubughudhiwa kwa rangi au asili yako kazini, nayo inamlinda mwenye viza sawa na mwenye pasipoti ya hapa. Acas, shirika la umma la mambo ya kazi, hutoa ushauri wa simu bila malipo, na ukiwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi una mtu wa kukusindikiza kwenye kikao. Usikae na jambo hilo miezi ukisubiri liishe lenyewe, maana muda wa kulifikisha kwenye baraza la kazi ni mfupi. Hospitalini, mgonjwa anaweza kwenda kwenye ofisi ya PALS, inayopokea malalamiko ya wagonjwa, na kuomba mkalimani. Na kama wewe ndiye uliyemwona mwenzako akitendewa hivyo, Mkongomani, Mfilipino au Mwingereza, andika na wewe ulichokiona, siku hiyo hiyo, uweke jina lako chini yake.